Hiyo long itoe kabla hujaachia toleo

Rafiki yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Rasimu ya kiolesura chako cha kuendeshea mashine pepe nimeisoma yote. Majina ya funksheni yametulia, sina neno. Kinachoninyima usingizi ni ile `unsigned long` (aina ya namba nzima isiyo na hasi katika lugha ya C) uliyoipa kumbukumbu na kasi ya kuhamisha mashine.

Aina hiyo upana wake hubadilika kwa mfumo. Kwenye Linux ya biti 64 ina biti 64. Kwenye Windows ya biti 64 ina biti 32 tu. Mimi ilishanitia adabu. Niliomba mashine ya GiB 6 kwa baiti, yaani 6,442,450,944, na kwangu ikakubali. Mwenzangu alipoijenga programu ileile kwenye Windows, biti za juu zikakatwa, ikabaki 2,147,483,648: GiB 2 kamili. Hakuna kosa lililoripotiwa. Mashine iliwaka vizuri tu, kisha ikaanza kujikokota, nasi siku mbili nzima tunailaumu diski! Afadhali ningeomba GiB 4, ingetoka sifuri na tungeshtuka palepale.

Waliotengeneza libvirt, maktaba ya kuendeshea mashine pepe, wanaishi na jambo hili. `virDomainSetMemory` yao hupokea `unsigned long`, ila kwa KiB (baiti 1,024 kila moja), kwa hiyo hata kwenye biti 32 unafika karibu TiB 4. Cha kuchekesha, ujumbe kati ya mteja na seva hubeba biti 64; shingo nyembamba ni funksheni yenyewe, na kuigusa ni kuvunja programu za watu. Walipokuja kuandika `virDomainBlockCopy`, kasi wakaipitisha kama kigezo kinachotaja aina yake, biti 64, baiti kwa sekunde.

Kwa hiyo kumbukumbu, diski na kasi vipe `unsigned long long`, na kipimo kiwe baiti kila mahali. Bendera, zile biti za kuwasha na kuzima chaguo, ziache kwenye `unsigned int`. Idadi ya vichakataji pepe nayo, `int` inaitosha. Na tafadhali, "bila kikomo" usiiandike kwa -1 ndani ya namba isiyo na hasi. Iwekee bendera yake.

Ile struct (kifurushi cha data) ya takwimu hukuniambatishia. Kama ina namba ya biti 32 ikifuatiwa na ya biti 64, jaza pengo kwa mkono, maana kwenye Linux kompaila ya x86 ya biti 32 haiipangi kama ya biti 64. Nitumie niione kabla ya Ijumaa.

Wako,
Idi