Barua kwa Mama: mpishi wa kambi ya wawindaji

Mama,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo hapo Tanga, na magoti ya Bibi yamepata nafuu. Umelalamika kwamba simu yangu haikupatikana tangu Ijumaa. Nilikuwa porini, kaskazini kabisa ya jimbo hili la Wisconsin, hapa Marekani, upande wa Ziwa Superior, ambako mtandao unakwisha kabla ya lami. Wenzangu wa kazini walinialika kwenye kambi yao ya kuwinda. Usiogope, bunduki sikushika. Nilikwenda kupika.

Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huku ni siku 9 tu, unaanza Jumamosi kabla ya sikukuu yao ya Shukrani. Watu wazima wanaomba likizo kwa ajili yake. Kisheria, angalau nusu ya nguo za mwindaji juu ya kiuno lazima ziwe za rangi ya chungwa inayong'aa, au waridi kali iliyoruhusiwa mwaka 2016, ili mwenzake asimdhanie mnyama. Mimi hata kuni nilikwenda kuchukua nimevaa koti la chungwa!

Kufyatua risasi kunaruhusiwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na jua lenyewe mwezi huo wa Novemba linatoka saa moja imeshapita. Mwindaji anataka saa 12 awe ameshakaa juu ya mti wake, kimya, kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na huko hajitikisi hadi mchana. Tumbo tupu halivumilii hayo. Kwa hiyo mpishi anaamka saa 10 usiku, saa ambayo wewe ulinizoesha kwenye kibanda chako cha chai.

Kazi inaanza tangu jioni. Birika linajazwa maji kabla ya kulala, maana asubuhi pampu imeganda. Mayai, hapa utacheka, yanawekwa ndani ya boksi la barafu ili yasigande! Boksi lile lile ambalo kwetu linazuia joto lisiingie kwa samaki, huku linazuia baridi. Viazi vinachemshwa na maganda yake, vinalala vikapoa kabisa. Asubuhi unavimenya, unavikata na kuvikaanga kwa kitunguu. Kiazi kilicholala hakivurugiki, na kinafanya ukoko mzuri kuliko kiazi kilichotoka kuchemshwa.

Wao hukaangia mafuta ya kitimoto, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Hiyo aliikaanga mzee mwenye kambi mwenyewe. Mimi nilibeba kikaango changu, mafuta yangu na soseji za ng'ombe kutoka duka la halali Milwaukee. Mzee hakuniuliza maswali, alisogeza vyombo vyake tu, upande mmoja wa jiko ukawa wangu.

Kuna mikate yao midogo ya hamira ya unga: ngano, siagi ya baridi inayofikichwa kwenye unga, na maziwa. Wanaioka kwenye chungu kizito cha chuma chenye miguu, mfuniko una ukingo wa kushika makaa. Walipoanza kunieleza makaa yanavyopangwa, nikawaambia tulieni. Makaa juu mengi, chini machache, mtu aliyelelewa na mkate wa kumimina atafundishwa hilo? Ikatoka imeiva sawasawa, rangi ya dhahabu. Juu yake wanamwaga mchuzi mweupe wa maziwa na unga uliokaangwa, umepooza kweli. Nikauzidishia pilipili manga, na hakuna aliyelalamika.

Kahawa yao wanaichemsha mpaka inaungua; muuza kahawa wa hapo mtaani na dele lake angewaonea huruma. Mimi nilipika chai ya maziwa, tangawizi na iliki. Siku ya kwanza walionja kwa adabu, siku ya pili wakaijaza kwenye chupa zao za kwenda nazo mtini. Chapati za maji nazo wakazimiminia asali ya mti uitwao maple. Huo mti wanaugema baridi ikielekea kuisha, na maji yake lita 40 hivi yanachemshwa hadi ibaki lita 1. Ni tamu, Mama, ina harufu ya moshi kidogo.

Wakishatoka, mimi nasali Alfajiri kisha naosha vyombo. Vile vya chuma havipakwi sabuni, vinasuguliwa kwa chumvi, vinafutwa na kupakwa mafuta.

Mmoja alipata kulungu, na kesho yake ini likakaangwa na vitunguu. Mimi nilikula mayai yangu. Wapo masheikh wa huku wanaosema nyama hiyo inafaa, wapo wanaokataa, nami nikaona nisijitie kwenye ubishi huo kabla ya chai.

Wamenitaka tena mwakani. Iliki imeniishia yote, na ya madukani huku ni ghali na haina nguvu. Akipatikana mtu anayekuja, mpe robo kilo, ila usiisage. Hela ya mkaa nimeituma jana kwa jina la Shangazi, niambie ikifika.

Wasalaam,
Mwanao