Barua kwa mwanangu anayekuja kujaribiwa pikipiki

Makorora, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Nimefurahi kusikia shangazi yako hapo Muheza hajambo, na kwamba koni sasa unazizunguka bila kushusha mguu. Hapo sina la kuongeza, ila macho yatangulie unakokwenda. Ukiikodolea koni utaigonga.

Kinachoninyima usingizi ni barabara. Miaka ile nikiendesha fuso la saruji kutoka Pongwe nilijua jambo moja: dereva wa lori hakuchukii, hakuoni. Ukikaa ubavuni kwake upande wa kushoto, chini ya mlango, kwenye kioo haumo. Siku moja nilikata kushoto pale Kange, nikasikia watu wanapiga kelele, nikakanyaga breki. Kijana wa bodaboda alikuwa amebakiza shubiri moja na tairi langu. Hakuumia, lakini mikono yangu ilitetemeka hadi jioni.

Kwa hiyo usijibane kwenye ukingo wa lami. Wengi hudhani huko ndiko salama, kumbe kuna mchanga, mashimo, milango ya magari yaliyoegeshwa, na baiskeli za mji huu unazijua. Tena ukijibana, mwenye gari anaona nafasi, anakuovateki ndani ya njia yako hiyohiyo. Katikati ya njia nako, hasa karibu na taa na vituo vya daladala, magari hudondosha oili, na mvua ikianza panateleza kama mlenda. Pita zinapopita tairi za kulia za magari. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo ukiwa hapo dereva wa mbele anakuona kwenye kioo chake, na wa nyuma anajua njia ina mwenyewe. Ila usigande hapo: lori likija mbele yako, sogea kushoto upepo wake usikuyumbishe.

Ukitaka kukata kulia, anza mapema. Kioo, indiketa, geuza shingo utazame nyuma ya bega, ndipo usogee karibu na mstari wa kati. Shingo hiyo usiione mbwembwe. Kuna mahali kioo hakifiki, na yule kijana wa Kange alikuwa mahali hapo. Kwenye kipilefti mpishe anayetoka kulia kwako, na kama unatokea kushoto, kaa kushoto tangu mwanzo, usichomekee.

Breki tumia zote mbili. Ya mbele ibinye taratibu, ndiyo inayosimamisha zaidi.

Njoo Ijumaa, usingoje Jumapili. Jumamosi alfajiri, kabla magari hayajajaa, tutaingia Ngamiani kwenye zile barabara za namba, na kila njia panda utakata kulia mpaka shingo igeuke yenyewe. Mimi nitakufuata kwa baiskeli. Leta leseni yako ya kujifunzia na kofia uliyoizoea, maana ya kaka yako inalegea kidevuni.

Baba yako