Kwa walimu wa madrasa: anayeangalia ni nani?

Assalaam alaykum, wanangu maustadhi na maustadha.

Nimefundisha mpaka ndevu zimejaa mvi, basi nivumilieni kidogo. Miaka yangu ya mwanzo, adhuhuri ikiingia nilikuwa nasimama bombani na bakora, nawahesabu wanaotia udhu. Wote walitia. Siku moja nikamshika mkono mvulana mmoja. Kanzu imelowa mikononi, lakini kiwiko ndani kikavu, na nyayo zina vumbi. Nikainua bakora, kisha aibu ikanishika mimi. Mtoto yule alikuwa amelielewa somo langu barabara: anayeangalia ni maalimu.

Ibn Khaldun, yule mwanahistoria, alishalieleza hilo katika kitabu chake Muqaddima, mwaka 1377: mwanafunzi anayelelewa kwa ukali hujifunza uongo na hila ili mkono usimfikie, na mwisho hila ikawa ndiyo tabia yake. Nilikuwa nimemsoma, tena nikimsifu!

Bakora niliiacha. Nikawa natia udhu nao pale pale bombani, taratibu, bila kumwita mtu. Wakubwa wakaanza kunifuata. Wadogo walichukua muda, na wengine hawakubadilika kabisa, siwezi kuwadanganya.

Hadithi ya nia, isemayo kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, ambayo Imamu Bukhari ameitanguliza mwanzo wa Sahihi, mkusanyo wake wa hadithi, tunawahifadhisha watoto kana kwamba inawahusu wao peke yao. Nasi je? Unamsukuma mtoto amalize juzuu kwa ajili ya mashindano, au ili aya imkae moyoni? Yeye anajua jibu. Anaona uso unavyokunjuka wageni wakija, na unavyokunjamana wakishaondoka. Anaona aliyehifadhi akipewa zawadi mbele ya watu, na aliyemwamulia mwenzake ugomvi uani hakuna hata aliyemtupia jicho. Anajua kipi kina bei.

Nanyi wa kamati, msijifiche nyuma ya barua hii. Mwalimu aliyekaa miezi mitatu bila posho hafai kuambiwa “thawabu yako kwa Mungu” na mtu aliyekwisha pokea mshahara wake. Ikhlasi ya mwalimu, yaani usafi wa nia yake, haiwaondolei nyinyi deni.

Walimu wangu, kesho adhuhuri ikiingia, iacheni bakora ndani, mtangulie bombani. Kunjeni mikono ya kanzu mpaka juu ya viwiko. Msimwite mtu.

Ni mimi mzee wenu, maalimu mstaafu.