Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanyaji wa sarafu za kale za Italia,

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vya kila mwezi, ziara ya kwenda kuona sarafu za Venezia na Toscana, na somo la piastra, sarafu kubwa za fedha za Napoli. Yote yalikwenda salama. Somo lile niliandaa mwenyewe, majuma matatu.

Sasa niizungumzie lire 5 ya Parma, sarafu ya fedha niliyokataa kuinunua, maana maneno yamekuwa mengi, hata nje ya vikao, kwamba mwenyekiti amekikosesha chama bahati. Tuliletewa lire 5 ya Maria Luigia, mke wa Napoleon aliyepewa kutawala Parma, Piacenza na Guastalla, yenye mwaka 1821. Za 1815 zinapatikana. Za 1821 ni adimu mno, ndiyo maana bei ya yuro 900 iliwafurahisha wengi. Mimi bei hiyo ndiyo iliyonitia shaka. Nikatoa mizani yangu: gramu 23.6. Kwa kanuni, sarafu ile ni gramu 25, madini ya fedha sehemu 900 kwa 1,000. Nikaambiwa imelika kwa kupita mikononi. Imelika wapi, ndugu zangu? Nywele za mama yule zilionekana unywele kwa unywele. Sarafu haipungui zaidi ya gramu moja sura yake ikabaki vilevile. Tena ukingoni palikuwa na mshono mwembamba, kama wa kitu kilichomiminwa kwenye kalibu, wakati zile halisi zilipigwa chapa.

Najua kamati ilikwisha kupitisha ununuzi, na katiba hainipi mamlaka ya kuufuta peke yangu. Lakini muuzaji alitaka jibu jioni ileile, na kati ya wajumbe sita niliowapigia simu, wawili tu walipokea. Nilikataa kulipa, na hata leo ningekataa.

Kwa hiyo yuro 900 zile zipo benki, ndani ya salio la 1,340. Wanachama ni 41, waliolipa ada ni 17, na mkutano wa Oktoba tulihudhuria 9. Inaniuma kusema kwamba wengi wanaonilaumu juu ya Parma hawakuwepo siku hiyo, wala majina yao hayamo katika daftari la ada. Niliwaandikia kila mmoja, mara mbili.

Mwakani, Mungu akijalia, tutafute testone, sarafu ya fedha yenye sura ya mtawala, ya Galeazzo Maria Sforza aliyetawala Milano, hata iliyochakaa, na tufanye maonyesho madogo pahali patakapopatikana. Mhazini anapokea malimbikizo ya ada kuanzia leo, hapa hapa mlangoni.