Barua kwa mwanangu: huo mwaka wa kusubiri

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia, na nimeona heri nikuandikie ili uwe na kitu cha kusoma mawazo yakikuzidi. Umesema kipimo cha mlango wa kizazi kimeonyesha una HPV, kile kirusi kinachoweza kuleta saratani ya hapo, ila seli ni za kawaida, na daktari amekwambia urudi baada ya miezi 12. Halafu mwenzako wa kazini akakupa kichupa cha vidonge vya mmea uitwao Thuja, akisema vinasafisha virusi.

Nianze na aibu niliyoisikia kwenye sauti yako. Iondoe. HPV huambukizwa kwa kugusana ngozi wakati wa kujamiiana, na karibu kila mtu aliyewahi kukutana kimwili na mwenzake huipata wakati fulani. Inaweza kukaa kimya miaka mingi, kwa hiyo kipimo hakiwezi kukwambia uliipata lini wala kwa nani. Usimwitie mumeo kikao kwa sababu ya karatasi hiyo.

Aina zake zinapita 200. Ya 6 na ya 11 ndizo zinazoleta masundosundo sehemu za siri. Zinakera, lakini si za kuua. Tunazoziogopa sisi wauguzi ni ya 16 na ya 18, kwa sababu hizo mbili peke yake zinasababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Aliyeikuta ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani hiyo, mwaka 1983, ni Harald zur Hausen, Mjerumani, na mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Siku ya miadi muulize daktari wako ni aina gani waliyoiona kwako.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Kwa wanawake walio wengi, takriban tisa katika kila kumi, mwili wenyewe hukifukuza kirusi hiki ndani ya miaka miwili. Hapo ndipo vidonge vinapopatia sifa. Wape wanawake kumi Thuja, na wengine kumi maji ya bomba: baada ya miaka miwili kila kundi litakuwa na kama tisa waliosafika. Wale tisa wa Thuja watasimulia kila mahali, na simulizi zao zitakuwa za kweli kabisa, isipokuwa sababu. Mwenzako si mwongo. Huenda ni mmoja wa hao tisa. Ninayemhofia ni yule wa kumi, ambaye kirusi kimegoma kutoka. Kwake seli hubadilika polepole, na mpaka iwe saratani huchukua miaka 15 hadi 20, au miaka 5 hadi 10 kama kinga yake ni dhaifu, kwa mfano anaishi na VVU bila dawa. Muda wote huo haumwi chochote. Ukimuuliza, atakwambia vidonge vinamsaidia.

Kichupa chako kimeandikwa C30. Maana yake tone moja la dawa ya mmea limechanganywa na matone 99 ya maji au kileo, kisha tone moja la mchanganyiko huo likachanganywa na 99 mengine, na hivyo hivyo mara 30. Kufikia mara ya 12 hivi, uwezekano wa kubaki hata molekuli moja ya ule mmea umeshakuwa mdogo sana, na bado kuna mara 18 mbele. Kinachobaki ni sukari ya kidonge tu. Tiba ya namna hiyo huitwa homeopathi, na aliyeianzisha ni daktari Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Sanamu yake ipo hapo hapo Leipzig mnakoishi, nenda ukaitazame na wanao. Namheshimu kwa jambo moja: zama zake madaktari waliwatoa wagonjwa damu mpaka wakalegea, na wa kwake walinusurika na hayo. Lakini mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti nyingi kwa pamoja, na halikupata ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathi inauponya.

Sukari haitakudhuru. Kinachonitia hofu ni kwamba mwaka wa kusubiri bila dawa unachosha moyo, na kidonge kinakupa kitu cha kufanya, halafu miadi ikifika unajiambia ya nini kwenda, nimeshapona.

Kazini kwetu tunapima kwa siki. Unapaka mlango wa kizazi kwa pamba, unasubiri kama dakika moja huku mnaongea habari za watoto, na sehemu yenye seli zilizobadilika inageuka nyeupe. Ukiiona ndogo na inafikika, unaichoma kwa joto siku hiyo hiyo, na mama anavaa kanga zake anarudi nyumbani. Nimewaona pia wanaokuja wamechelewa. Mmoja alikaa ukingoni mwa kiti, kanga ameikunja chini yake kwa ajili ya damu, mkononi ana mfuko wa dawa za kusafisha kizazi alizokuwa akinunua muda mrefu. Hakuwa mzembe, kila mwezi alikuwa anajitibu. Huyo tulimwandikia rufaa, na siki haikuwa na kazi tena. Tanzania inapata wagonjwa wapya takriban 10,000 wa saratani hii kila mwaka, na zaidi ya 6,000 wanakufa. Mwanangu, ni ugonjwa unaozuilika!

Kuhusu mjukuu wangu, apate chanjo. Wewe uliyekwisha kuambukizwa haitakutibu, lakini yeye ana miaka 11, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitangulia kirusi. Ndani yake hamna kirusi kizima, ni ganda lake tu lililotengenezwa, ili mwili umtambue adui mapema. Huku Tanzania tulianza nchi nzima mwaka 2018, na sasa wasichana wa miaka 9 hadi 14 wanapewa dozi moja. Wasichana wa hapa Mwanza walishiriki katika utafiti ulioonyesha kwamba dozi moja inaamsha kinga vya kutosha. Uko Ujerumani, watampa mbili. Fuata ya huko. Uingereza, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 hadi 13 saratani hii imepungua kwao kwa asilimia 87. Uvumi kwamba inaua uzazi umefika mpaka kwa shangazi zako, na hauna ukweli. Kaka yake naye achanjwe: huko wavulana wanapewa tangu 2018, na kirusi hiki huleta pia saratani ya koo.

Ukiona damu baada ya tendo la ndoa, au nje ya siku zako za hedhi, usingoje hiyo miezi 12, nenda mara moja. Vidonge ukitaka kuvimaliza, vimalize, nawe usigombane na mwenzako. Tarehe ya miadi ukishaipata nitumie, nikupigie simu siku moja kabla. Dada yako anakusalimu. Naye nimempangia kupimwa Jumanne.

Mama yako