Mpingo wa klarineti hauchaguliwi kwa weusi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu biashara ya mpingo ilisema gogo linalofaa kwa klarineti, ala ya muziki ya kupulizwa, hutambulika kwa rangi: lililo jeusi tititi huchukuliwa, lenye michirizi ya kahawia huachwa. Kauli hiyo imeenea pia kwa wavunaji wa Kilwa na Liwale, na inaua miti bure. Tunaomba nafasi tuisahihishe.

Kiini cha mpingo, yaani mbao ngumu ya ndani, kwa asili huanzia kahawia iliyokolea yenye zambarau hadi nyeusi, na mara nyingi rangi hizo zote zimo ndani ya gogo moja. Klarineti nyingi zinazong'aa kwa weusi zimepakwa rangi kiwandani. Mpingo unatafutwa kwa sababu nyingine. Ni mzito, mita moja ya ujazo hufika takribani kilo 1,200, ndiyo maana huzama majini. Vitundu vya mbao yake ni vidogo, una mafuta yake, na ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana hewa inapobadilika. Sauti ya klarineti hutoka kwenye hewa iliyomo katika tundu lenye upana wa takribani milimita 15. Tundu hilo likikaa laini, na kingo za matundu ya vidole zikibaki kali bila kumong'onyoka, ala inalia vizuri. Mbao yenye michirizi ya kahawia inashika kingo hizo kama nyeusi.

Cha kutazama kwanza ni mwendo wa nyuzi za mbao. Mpingo hukua polepole, mara nyingi umejisokota, una mabonde ubavuni na umegawanyika matawi karibu na ardhi. Gogo lililokaa siku chache baada ya kumenywa gamba litaonyesha vijufa, yaani nyufa ndogo nyembamba, na vijufa hufuata nyuzi. Vikienda sambamba na urefu wa gogo, endelea. Vikizunguka gogo kama kamba, hapo hutapata kipande kirefu cha maana. Kwenye kipande kilichokwisha kupasuliwa, dondosha tone la wino: litatambaa kufuata nyuzi. Sisi hukataa kipande kirefu ambacho nyuzi zake zinahama zaidi ya sentimita 1 katika kila sentimita 15, kwa sababu kitapinda baada ya kutobolewa, na tundu likipinda ala haina dawa.

La pili ni moyo wa mti. Mpingo uliounguzwa na moto wa msituni huwa na kovu chini ya shina, na kovu hilo ni mlango wa kuoza ndani. Gonga shina kwa kisogo cha shoka kabla ya kukata. Mlio mpana wenye mwangwi ni dalili ya uwazi, na mti huo uachwe usimame utoe mbegu. Hata kwa mti usiooza, ule mstari wa katikati kabisa lazima uondolewe, maana nyufa huanzia hapo na kutawanyika kama miale. Mbao nyeupe ya nje, inayozunguka kiini, nayo huondolewa yote.

Hapa ndipo hesabu inapowapotosha wauzaji wanaopima ujazo peke yake. Kipande cha mwili wa klarineti kikiwa kibichi ni karibu sentimita 4 kwa 4, urefu karibu 30. Ili kukipata bila kugusa katikati ya mti, unahitaji kiini safi chenye kipenyo cha sentimita 11 hivi. Mdomo mpana wa chini, ule wenye umbo la kengele, unadai kipande cha sentimita 9 kwa 9, urefu 12, na hicho hakipatikani mpaka kiini kifike kama sentimita 22. Hicho ndicho kipande adimu. Mtu akikata gogo nene lenye kiini kizima kuwa vipande vyembamba tu, ametupa thamani yake. Kwa upande mwingine, kipipa kifupi kinachounganisha mdomo wa kupulizia na mwili kina urefu wa sentimita 6 na nusu tu. Kinapatikana katikati ya vifundo viwili, kwenye gogo lililosokotwa, hata kwenye tawi nene. Hayo ndiyo mabaki tunayoyaona yakiishia kwenye tanuri la mkaa.

Mengi zaidi huharibika baada ya msumeno. Maji hutoka kwenye ncha za kipande kwa kasi kubwa kuliko ubavuni. Ncha husinyaa wakati katikati bado kumejaa, na mbao hupasuka. Ziba ncha kwa nta ya mishumaa siku ileile ya kupasua. Ukingoja kesho, nyufa zimekwisha kuingia. Yeyusha nta kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, kwa kuwa nta iliyowekwa moja kwa moja motoni huweza kulipuka moto. Chovya kila ncha sentimita 2 au 3. Panga vipande kivulini, juu ya ardhi, na vijiti vya unene wa sentimita 2 kati ya safu na safu, vijiti vikisimama mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Upepo mkali na jua la mchana visivifikie.

Asiye na kipima unyevu atumie mzani. Andika uzito na tarehe juu ya vipande vitano kutoka kila rundo, uvipime kila mwezi. Vinapoacha kupungua kwa miezi mitatu mfululizo, rundo limetulia na hewa ya mahali pale, lakini bado si ala. Mafundi wa klarineti hutoboa tundu jembamba kwanza, hukereza kwa nje wakiacha unene wa ziada, kisha hulaza kipande tena kwa miezi kabla ya kufika kipimo cha mwisho. Anayeruka hatua hiyo atauza ala itakayopasuka sehemu ya juu ya mwili, ambako pumzi yenye unyevu huingia huku nje kukiwa kukavu.

Wakati wa kutoboa, toa keekee mara kwa mara. Mpingo hula makali ya chuma, na joto likizidi huacha vijufa ambavyo havionekani mpaka siku ya kupaka mafuta. Vumbi lake linawasha ngozi na kuumiza mapafu. Barakoa ni lazima.

Jambo moja kwa vikundi vinavyofikiria kuuza nje. Tangu 26 Novemba 2019 ala zilizokamilika na sehemu zake zilizokamilika zimeondolewa katika masharti ya vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa upande wa mpingo. Kipande kilichopasuliwa na kutiwa nta si ala, na bado kinahitaji kibali.

Tunapendekeza kamati za misitu za vijiji zipime gogo kwa idadi ya vipande safi vinavyoweza kutoka, virefu, vya kengele na vya kipipa, na bei ipangwe kwa kila aina. Kamba ya kupimia, chaki na tone la wino vinatosha kuanza, na kazi hiyo ifanyike palepale msituni kabla gogo halijapakiwa.

Mafundi wa mbao za ala,
Kilwa Masoko