Mashine za boti: tundikeni plagi pale kaunta

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari yenu kwamba wenye boti tunaingiza mashine kwa ujanja ujanja imenishinda kunyamaza. Mwandishi wenu alimhoji nani jamani? Angeshuka bwawa la Nyumba ya Mungu, toka hapa Moshi si mbali hivyo, angekuta watu wanapiga makasia na mashine zao zimekwama mpakani.

Sheria yenyewe wala haina utata. Mashine ya petroli ya kupachika nyuma ya boti ina namba yake ya forodha, ile ya kupangia ushuru, 8407.21, imetengwa kwa ajili yake kabisa. Tarakimu hizo sita zinatumika karibu dunia nzima, sisi Afrika Mashariki tumeongeza sifuri mbili tu mwishoni.

Sasa mimi nililetewa ya mtumba, hospawa 15, na kwa sababu ya safari ilifunguliwa, kichwa (injini yenyewe) boksi moja, mguu boksi lingine, pangaboi la kusukumia boti limefungwa kwenye gunia. Kijana wa dawati (mpaka siutaji) akaangalia kichwa akasema hii ni ya jenereta, akaiweka kwenye "injini nyinginezo". Akafungua gunia, akashika pangaboi, grisi ikampaka mkono wa shati jeupe, na nadhani hapo ndo nilipoharibikiwa maana akasema hiki nacho kina namba yake, na tanki nalo lake, kila kitu mstari wake na kila mstari bei aliyoikadiria yeye. Nikamwambia kwenye kanuni za kupanga hizo namba za forodha kuna ya 2(a), kitu kilichofunguliwa vipande kikija pamoja kinahesabiwa kizima, akanijibu "mzee, mwache wakala wako aongee", na wakala mwenyewe kaenda kula. Na VAT ya asilimia 18 haikai peke yake, inapigwa juu ya bei ya mzigo, bima, nauli na ushuru wenyewe, kwahiyo wakikosea ushuru na VAT inakosewa humo humo. Nikauliza rufaa, nikaambiwa andika barua. Ni kweli sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 229, inanipa siku 30 kuomba mapitio, lakini stoji, yaani gharama ya kutunziwa mzigo, nayo inatembea kila siku usiku na mchana, sasa nani anasubiri hayo mapitio? Nililipa. Halafu mnaniita mjanja!

Tena hujamaliza na forodha unakutana na trafiki njiani anataka kadi ya mashine. Kadi! Mashine ya boti iko nyuma ya pikapu imefunikwa turubai, anaizunguka anatafuta pleti namba. Nikamwonyesha risiti za ushuru akazisoma zote, taratibu, jua la saa saba, mwisho akaniuliza kama samaki wapo.

Na msifikiri itakuwa nafuu hizi za betri zikiingia. Za umeme haziko hata kwenye kundi la 8407, zinaenda 8501 na mota za umeme, na za dizeli ziko 8408.10. Sasa kama ya petroli tu imewatoa jasho, hiyo ya betri si wataiita redio.

Ushauri wangu ni mdogo na hauhitaji semina wala posho. Pale kaunta watundike plagi moja ya mashine kwa kamba, ile ya kutoa cheche za kuwasha petroli, dizeli haina. Mzigo ukifika ofisa anaangalia, ina plagi kama hii? 8407. Haina plagi na inanuka dizeli? 8408. Haina plagi wala tanki, ina waya tu? 8501. Na chini yake wabandike picha ya boti, ili mtu asiseme tena jenereta. Plagi nitatoa mimi, ninazo za zamani ndoo nzima, waje tu na kamba.

Mwenye boti,
Majengo, Moshi